Kadi iliyokataliwa, simu iliyokubaliwa: kisa cha nauli za matatu Nairobi

Kuanzia Julai 1, 2014, abiria wa matatu nchini Kenya hakutakiwa tena kumpa makanga, yaani kondakta, noti wala sarafu. Hivyo ndivyo zilivyoagiza kanuni mpya zilizosimamiwa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Abiria awe na kadi yenye pesa ndani, aigusishe kwenye kifaa cha kondakta, nauli ikatwe, safari iendelee. Tarehe ilifika, na noti zikaendelea kukunjwa katikati ya vidole vya makanga. Serikali ikasogeza siku ya mwisho hadi Desemba 1. Desemba ikaja, na steji hazikubadilika. Machi 2015 Google ikaifunga BebaPay, kadi ya nauli iliyoianzisha pamoja na Equity Bank na ambayo wengi walikuwa wameizoea kwa jina kuliko kadi nyingine yoyote.

Sasa panda matatu ya Rongai au ya Kawangware leo, saa kumi na mbili jioni. Makanga akifika kwenye kiti chako, mara nyingi swali analoulizwa ni "Nitume kwa namba gani?" Namba yenyewe huenda imeandikwa kwa wino mzito juu ya dirisha, ili asichoke kuitaja. Abiria anatuma, ujumbe unalia, makanga anatazama jina na kiasi, anapita kwa mwingine. Hakuna kanuni iliyomlazimisha mtu. Hakuna mashine iliyonunuliwa.

Jiji ni lilelile, barabara ni zilezile, na abiria kwa sehemu kubwa ni walewale. Ndiyo maana nakirudia kisa hiki kila ninaposikia mjadala wa kama jamii zetu ziko tayari kuacha pesa taslimu. Mjadala huo huishia karibu kila mara kwenye tabia za wananchi: elimu yao, woga wao, mazoea yao. Nairobi inatuonyesha kwamba wananchi walikuwa tayari muda mrefu kabla ya serikali kutoa agizo. Kilichokwama kilikuwa kwingine, na hakijawekwa sawa hadi leo.

Abiria hakuwa na shida

M-Pesa ilianza Machi 2007. Utafiti wa FinAccess unaonyesha kwamba mwaka 2006 watu wazima waliofikiwa na huduma rasmi za fedha Kenya walikuwa asilimia 26.7, kufikia 2021 walikuwa asilimia 83.7. Kufikia 2014, agizo lilipotoka, watu walikuwa tayari wanalipa kodi ya nyumba na karo kwa simu, wanamtumia mama kijijini, wanachangia harambee na matanga. Tangu 2013 maduka yalikuwa yakipokea malipo kwa Lipa na M-Pesa. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba hajazoea pesa isiyoshikika ni kumdharau.

Kadi ilimwomba jambo la ajabu kidogo. Pesa yake ilikuwa tayari ya kielektroniki, ndani ya simu, mfukoni. Ilibidi aitoe humo, au atafute wakala, aipakie kwenye kadi, ndipo aitumie kwa nauli tu. Na kadi zenyewe zilikuwa nyingi. Kulikuwa na BebaPay, kulikuwa na Abiria Card ya mabasi ya Kenya Bus Service (KBS), kukaja My 1963, na kila moja ilitaka kifaa chake. Mtu anayetoka Rongai hadi mjini kisha akaunganisha gari la Kasarani angeweza kuhitaji kadi mbili kwa safari moja, kila moja na salio lake lisilohamishika. Mwenye mshahara wa siku hawezi kuacha shilingi 150 zimelala kwenye plastiki moja na 100 kwenye nyingine. Hiyo ni chakula cha jioni.

Hata hivyo, matatizo ya aina hii hutatuliwa. Vifaa huunganishwa, kadi huboreshwa. Kama kadi ingekuwa na mtetezi ndani ya gari, ingepona. Ndani ya gari hakuwepo hata mmoja.

Pesa ya matatu hupitia wapi

Hapa ndipo uzito wa kisa ulipo, na ndipo waliopanga mfumo walipoangalia kwa haraka.

Matatu nyingi za Nairobi huendeshwa kwa makubaliano rahisi ambayo hayajaandikwa popote. Mwenye gari anataka kiasi fulani kila jioni, wenyewe huita target. Dar es Salaam madereva wa daladala hukiita hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, ni shilingi 5,000. Dereva na makanga wanatoka alfajiri na gari, wanakusanya nauli siku nzima, na usiku wanamfikishia 5,000 zake. Mafuta ni juu yao. Kinachobaki baada ya mafuta na target ndicho mshahara wao. Wakipata kingi, wanagawana kingi. Njia ikifungwa kwa mvua au mgomo, wanarudi nyumbani mikono mitupu, na pengine wanadaiwa.

Kati ya alfajiri na usiku pesa hiyo haitulii mkononi. Mafuta hutiwa kidogokidogo, ya tripu moja au mbili, kwa sababu asubuhi hakuna mtaji. Vijana wa steji wanaoita abiria hupewa chao gari likijaa. Sacco, chama cha ushirika cha wenye magari wa njia hiyo, ina mchango wake wa kila siku. Dereva wa akiba anayeshika usukani kwa tripu mbili, ili mwenzake ale na kupumzika, analipwa hapohapo. Anayeosha gari analipwa. Na kuna polisi wa barabarani, ambao kila abiria wa Nairobi ameona mkono wa makanga ukipeana nao salamu fupi dirishani. Kwenye njia kadhaa, makundi ya vijana wenye nguvu yamewahi kudai ada ya kila siku, na asiyetoa hakufanya kazi.

Malipo haya yote ni ya papo kwa papo, na yote ni ya taslimu. Nauli yenyewe nayo haina bei moja. Mvua ikinyesha saa kumi na moja, hamsini inakuwa mia. Saa nne asubuhi gari likiwa tupu, mama akisema ana thelathini tu, anaambiwa aingie. Mtoto anapakatwa na hasemwi. Makanga hupanga bei kwa macho, dakika kwa dakika, na kwa kiasi fulani huo ndio ustadi anaolipwa nao.

Ukiyajua hayo, utaona kadi ilikuja kufanya nini. Nauli ingetoka kwa abiria ikaingia moja kwa moja kwenye akaunti, na akaunti ni ya mwenye gari au ya sacco. Dereva asingekuwa na pesa ya mafuta ya tripu ya pili. Kijana wa steji asingepata chake. Kila shilingi ingeonekana kwenye orodha, pamoja na saa iliyolipwa, na mwenye gari angejua jioni kwamba gari halikuleta 8,000 kama alivyodhani, lilileta 13,000. Siku ya pili target ingepanda.

Kanuni hazikunyamaza kabisa kuhusu ajira. Tangu kanuni za mwaka 2003, zile zinazoitwa za Michuki kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, wenye magari walitakiwa kuwaajiri madereva na makondakta kwa kudumu. Kwenye karatasi, basi, mshahara ulikuwepo. Barabarani haukuwepo 2004, haukuwepo 2014, na sehemu kubwa haupo sasa. Serikali ilitaka malipo ya kisasa juu ya ajira ambayo haijawahi kuwepo. Makanga aliombwa akabidhi riziki yake yote kwa mashine, kwa ahadi ya mshahara ambao hakuna aliyekuwa ameanza kumlipa. Mkono mtupu haulambwi. Akafanya alichoweza: akasema kifaa kimeharibika, au betri imekwisha, au mtandao haupo. Mara nyingine ilikuwa kweli.

Naona haja ya kumtetea hapa, kwa sababu magazeti ya wakati ule yalimchora kama mhuni anayezuia maendeleo. Mtu anayefanya kazi kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa nne usiku, bila mkataba, bila bima, bila likizo, akikataa mfumo unaomwondolea kipato bila kumpa mwingine, hana ujinga wowote. Amepiga hesabu yake na ni sahihi.

Mwenye gari naye hakuwa na msimamo mmoja. Wengi waliipenda kadi kwa sababu kwa mara ya kwanza wangejua gari linaingiza nini hasa. Lakini magari ya abiria Kenya hulipa kodi ya awali inayokadiriwa kwa idadi ya viti, na kadi ingeiwekea mamlaka ya mapato mezani mapato halisi ya kila siku. Serikali haikuficha kwamba kodi ilikuwa sehemu ya lengo. Kwa hiyo hata aliyeipenda kadi aliipenda kwa tahadhari, na hakumsukuma makanga wake sana.

Kigali ilifanyaje

Wapo watakaosema haya ni matatizo ya teknolojia changa. Desemba 2015, miezi tisa tu baada ya BebaPay kufungwa, kadi ya Tap&Go ya kampuni ya AC Group ilianza kwenye mabasi ya Kigali, na ilishika. Teknolojia haikutofautiana sana na ya Nairobi.

Tofauti ilikuwa imetangulia. Mwaka 2013 Kigali ilikuwa imegawanya jiji kwa kanda na kuwapa kandarasi waendeshaji watatu: Kigali Bus Services, Royal Express na RFTC, shirikisho la vyama vya ushirika vya usafiri. Nauli ilipangwa na mamlaka ya udhibiti, RURA, na mvua haikuipandisha. Kadi ilipoingia ilikuta bei moja inayojulikana, wapokeaji wachache wa pesa, na mdhibiti aliyejua amtafute nani jambo likiharibika. Upande wa gharama upo pia: mfumo huo umebana wafanyabiashara wadogo wa usafiri, na abiria wa Kigali wamelalamika miaka mingi juu ya foleni ndefu na uhaba wa mabasi. Kadi haikuongeza basi hata moja. Sisemi Nairobi iige. Nasema Kigali ilipanga kwanza nani anamiliki njia na nani anapanga bei, na kadi ikaja mwishoni, wakati Nairobi iliitanguliza kadi ikitumaini itapanga mengine yote.

Mwaka 2020

Kilichobadilisha Nairobi hakikutoka wizara ya uchukuzi. Machi 2020, korona ilipothibitishwa nchini, Rais Uhuru Kenyatta aliwahimiza wananchi wapunguze kushika noti, na siku iliyofuata ikatangazwa kwamba kutuma hadi shilingi 1,000 kwa simu kungekuwa bure. Kiwango cha muamala mmoja kikapandishwa kutoka 70,000 hadi 150,000. Magari yaliamriwa kubeba abiria pungufu. La viti 14 likabeba 8. Nauli zikapanda, watu wakaogopa noti, na kutuma hakukuwa na gharama.

Msamaha ule ulimalizika mwisho wa Desemba 2020, ila Safaricom, kampuni inayoendesha M-Pesa, ikaacha jambo moja: kutuma hadi shilingi 100 kukabaki bure. Sidhani kuna uamuzi uliofanya kazi kubwa zaidi kwa nauli za Nairobi, na ulipita karibu bila kutajwa. Safari nyingi za ndani ya jiji ni za shilingi 100 au chini yake. Agizo la 2014 lilipotoka, kutuma hamsini kulikuwa na ada yake, na mtu anayepanda magari mawili kwenda na mawili kurudi aliona ada hizo zikikaribia nauli ya tripu nzima kwa wiki. Ada ilipoondoka, sababu ya mwisho ya abiria kupekua sarafu ikaondoka nayo. Na shida ya chenji, ile ya "utapata mbele" ambayo imewaacha watu wengi wamesimama steji wakitazama gari likiondoka na hamsini yao, ikaisha kwa anayetuma kiasi kamili.

Kwa makanga, simu haikumnyang'anya kitu. Pesa inaingia kwenye namba yake. Anaweza kumlipia dereva mafuta nayo, kumtumia kijana wa steji ishirini zake, kutoa taslimu kwa wakala akitaka. Mwenye gari bado haoni. Target inabaki target. Kisha likaja Pochi la Biashara, linalomwezesha mfanyabiashara mdogo kutenga pesa za kazi na zake binafsi kwenye laini ileile, na makondakta wengi wakalichukua.

Kwa hiyo nauli imekuwa ya kielektroniki bila kutimiza hata lengo moja kati ya yale ya 2014. Haikuongeza uwazi kwa mwenye gari. Haikuleta risiti. Haikuondoa salamu za dirishani. Haikumpa makanga mkataba. Wapo maafisa wanaoliona hilo kama kushindwa. Mimi naliona kama ushahidi: watu walichukua sehemu ya mfumo iliyowasaidia na kuiacha iliyowaumiza, na wote wawili, abiria na makanga, walifanya hivyo kwa busara.

Makali ya simu

Ila simu ina makali yake, na abiria ndiye anayeyabeba.

La kwanza linanigusa zaidi. Ukimtumia mtu pesa kwa namba yake, jina lako na namba yako vinaweza kumfikia. Mwanamke aliyepanda gari usiku amempa mwanamume asiyemjua njia ya kumpigia, na gari lenyewe linamshusha karibu na kwake. Wanawake wa Nairobi wanalijua hili vizuri. Wapo wanaobeba sarafu makusudi kwa safari za usiku, na si kwa kukosa pesa kwenye simu. Noti haina jina. Tunapohesabu faida za kuiacha, hii iwekwe kwenye mizani upande wa pili kwa uzito wake kamili.

Makanga naye ana lake. Abiria anatuma, anashuka, kisha anaomba kampuni irudishe muamala kana kwamba alikosea namba. Makanga anagundua usiku, akiwa tayari amepiga hesabu ya target. Ni wizi, na anayeibiwa ni mtu wa kipato cha siku.

Kuna Fuliza, iliyoanza Januari 2019, inayomwezesha mtu kulipa hata salio likiwa halitoshi kisha akakatwa pesa inapoingia. Kwa aliyekwama mjini usiku ni msaada wa kweli. Kwa anayeitumia kwa nauli ya kila asubuhi, anaenda kazini kwa mkopo, na akilipwa, sehemu ya ujira imeshaondoka kabla hajaugusa. Mwenye sarafu tupu angetembea. Mwenye simu anadaiwa. Sijui kama serikali yoyote imelitazama hili kama suala la usafiri, na inafaa litazamwe hivyo.

Na siku M-Pesa inapolala, hata kwa saa moja, jioni ya jiji zima hukwama. Abiria aliyezoea kutembea bila shilingi mfukoni husimama steji, na makanga hawezi kumbeba kwa imani. Wanafunzi wasio na simu, wazee, na wanaoingia jijini kutoka mashambani bado wanategemea taslimu kila siku. Mfumo unaoishi bila wao haupaswi kuitwa wa umma.

Halafu kodi. Ushuru wa bidhaa unaotozwa juu ya ada za kutuma pesa kwa simu ulikuwa asilimia 10, ukapanda hadi 12 mwaka 2018, kisha 15 mwaka 2023. Mswada wa fedha wa 2024 ulipendekeza 20, kabla ya kuondolewa kufuatia maandamano ya Juni mwaka huo. Serikali ileile inayotaka watu waache noti imekuwa ikiongeza gharama ya kuziacha. Nauli ya chini ya mia imenusurika kwa sababu kutuma kwake hakuna ada ya kutozwa ushuru. Kinga hiyo ni uamuzi wa kampuni moja, na kampuni inaweza kubadili uamuzi wake siku yoyote.

Mabasi yajayo

Nairobi inajenga njia za mabasi ya mwendo kasi chini ya NaMATA, mamlaka ya usafiri ya eneo la jiji iliyoundwa mwaka 2017. Mabasi hayo yatahitaji malipo bila taslimu kwa sababu kituo kinachokusanya noti hakiwezi kupitisha maelfu ya watu kwa saa. Swali la 2014 litarudi, safari hii likiwa na saruji na vituo.

Ninachotaka kuona kabla ya mashine kununuliwa ni mkataba wa kazi: mshahara wa dereva na wa mhudumu, saa zao, na nani anawalipa siku gari lisipojaza viti. Halafu sheria inayozuia ada kwa nauli ya kila siku ya mtu wa kipato cha chini, isiyotegemea hiari ya kampuni. Halafu njia ya kulipa isiyompa mpokeaji jina wala namba ya abiria, na dirisha moja kituoni linalopokea sarafu. Mashine zenyewe ndizo sehemu rahisi. Abiria wa Nairobi ataijifunza kadi yoyote kwa siku moja, kama alivyojifunza M-Pesa. Dereva wa sasa, anayeishi kwa kinachobaki baada ya target, ataikataa kama alivyoikataa ile ya kwanza, na akiulizwa atasema kifaa kimeharibika.